Miti Ile Haikuzeeka

Nimestaafu tangu mvua zilizopita zilipokatika. Waliniaga kwa mwavuli na saa ya ukutani. Kwa mwavuli nashukuru. Saa sijui ni ya nini kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Nilikuwa nimeamua kutulia nyumbani kwangu Ngagara, nimwagilie mchicha wangu wa lengalenga na kuwaachia wengine shamba. Kisha, wiki tatu zilizopita, nikaalikwa kwenye sherehe ya kupanda upya shamba letu la miti ya mpira, kule kwenye tambarare ya kando ya ziwa, kusini mwa mji. Tulikalishwa chini ya hema, tukapewa soda, na kila mgeni akapewa karatasi yenye historia fupi ya shamba. Mstari mmoja wa karatasi hiyo ndio ulionifanya nitafute kalamu. Unasema kwamba miti ya kwanza ilibidi ing'olewe kwa sababu ilikuwa imezeeka, tena ilikuwa imeharibiwa na kisu cha mkuu wa wagema wa zamani.

Miti ile ilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mti wa mpira uliotunzwa vizuri hugemwa miaka thelathini na bado hutoa utomvu. Na huyo mkuu wa wagema wa zamani, ambaye walioandika hawakuona haja ya kumtaja jina lakini waliona haja ya kumpaka matope, ni Mzee Shabani wa Buyenzi, mtu aliyenifundisha kazi. Niliisoma karatasi ile mara mbili na soda ikanishinda kunywa. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mtakaopima miche hii mipya, kwa sababu mtapewa utepe na daftari kama nilivyopewa mimi, na siku moja mtaombwa kufanya kama nilivyofanya.

Niliingia pale nikiwa na miaka arobaini na mmoja, mjane mwenye watoto wanne. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizani kwenye pamba. Kupima nilikujua, ila miti sikuijua hata kidogo. Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kanisani, nikarudi navyo vimebeba udongo wa nusu shamba. Miti ilikuwa na miaka miwili, myembamba kama mkono wa mtoto wa shule, imepangwa mistari hadi macho yanachoka. Jua lilikuwa linapita moja kwa moja mpaka chini, na kati ya mistari kulikuwa na majani ya kutambaa yaliyopandwa makusudi ili magugu yasipate nafasi.

Mzee Shabani alinipokea akiwa na fimbo mkononi. Nilidhani ni ya kuchapia nyoka. Ilikuwa fimbo ya mita moja kamili, iliyonyooka, na ncha yake ya juu imepakwa rangi nyeupe. Kugema alijifunza ng'ambo ya ziwa, Kongo, kwenye mashamba makubwa, na alikuwa na namna yake ya kuugusa mti kwa kiganja kabla ya kusema lolote.

"Mama Goreti," akaniambia, "sikia muzuri. Muti haiko na siku ya kuzaliwa. Iko na kiuno. Watakuambia miaka, we apana sikiliza miaka. Pima kiuno."

Akanionyesha. Fimbo inasimamishwa chini, karibu na shina. Pale inapoishia ncha nyeupe ndipo utepe unapozungushwa, si juu wala chini ya hapo. Utepe ulale sawa pande zote, usipande upande mmoja. Gome lililolegea litolewe kwanza. Usivute utepe kama unafunga mzigo wa kuni, wala usiuache ucheze. Shina likiwa limelowa mvua, ngoja likauke. Mti ukifika sentimita hamsini kwenye mita moja, umekuwa mtu mzima, unaweza kufunguliwa kwa kisu na kuanza kugemwa. Chini ya hapo ni mtoto, hata kama una urefu wa kanisa.

Kwa nini mita moja? Nami niliuliza. Kwa sababu mti wa mpira wa shambani umeunganishwa: mizizi ya mti mmoja, shina la mwingine. Pale chini walipoungana pana uvimbe, mnene kuliko shina lenyewe. Ukipima karibu na uvimbe ule unapima kovu, hujapima mti. Mzee alinieleza hilo siku ya kwanza, akalirudia siku ya pili na ya tatu, mpaka nikamwambia nimesikia, mimi si kiziwi. Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kifua chote.

Miaka mitatu iliyofuata ndiyo niliyoipenda kuliko yote, na sioni haya kusema hivyo. Nilipima kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, mti kwa mti. Katika umri ule mpira unakimbia: sentimita kumi na nne, ishirini na mbili, thelathini na moja. Mwaka wa nne matawi ya mstari mmoja yakagusana na ya mstari wa pili, na ndani ya miezi michache shamba likawa nyumba yenye paa. Majani yale ya kutambaa yakafa kwa kukosa jua. Kukapoa. Wanawake wa vijiji vya jirani wakaanza kukatiza humo wakienda sokoni, na nikisema ukweli nami nilikuwa natafuta sababu za kuchelewa humo. Kila kiangazi miti ilipukutisha majani yote kwa pamoja, ikabaki uchi wiki kadhaa, kisha ikavaa mapya. Baadaye ilipoanza kuzaa, matunda yake yalikuwa yanapasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali. Mara ya kwanza nililala kifudifudi. Sisi watu wa mji huu, tuliokwisha kusikia risasi nyingi, hatuhitaji maelezo kwa nini, na Mzee Shabani hakucheka siku hiyo. Alilala karibu yangu.

Hapa niwaambie mambo mawili ambayo hamtayakuta kwenye karatasi. La kwanza: miti ya pembezoni mwa barabara hunenepa kuliko ya ndani, kwa kuwa inapata jua upande mmoja. Mkubwa akija na wageni atasimama barabarani, atapiga kofi kwenye shina nono na kusema, "Mmeona?" Ninyi ingieni ndani. La pili: mti ukifa, usiufute kwenye daftari. Andika kwamba umekufa. Inayokufa kwanza ni ile myembamba, na ukiiondoa kimyakimya, wastani wa iliyobaki unapanda. Shamba linakufa na hesabu zako zinasema linastawi. Nimeona ripoti nyingi za namna hiyo, zimepigwa mihuri mizuri.

Miti ilipotimiza miaka mitano, tukapata direkta mpya. Simtaji jina. Alikuja na suruali nyeupe shambani, nadhani inatosha. Alikuwa ameahidi watu wa juu yake kwamba utomvu utaanza kutoka mwaka ule ule, na wageni walikuwa wameshaalikwa kuja kuuona ukitiririka. Mzee Shabani akaitwa ofisini, nami nikaitwa na daftari langu.

"Shefu, miti iko mitoto bado," Mzee akasema. "Ngoja miaka mbili. Ukikata sasa, utakunywa maziwa leo, kesho ng'ombe iko chini."

"Miaka mitano, Mzee. Kwenye plan wameandika mitano."

"Plan haiko na kiuno, Shefu."

Direkta hakucheka. Akasema tutapima kwanza, na vipimo ndivyo vitakavyoamua. Mzee akafurahi. Akaniambia tukiwa tunatoka, "Sawa. Kama ni kupima, mi sina shida. We utapima."

Kesho yake, Mzee akiwa mjini kununua mawe ya kunolea visu, mimi peke yangu nikaitwa stoo. Nikakabidhiwa fimbo mpya. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe kwenye ncha, vizuri kabisa, rangi bado inanuka. Ilikuwa inafika juu kidogo ya goti langu.

Direkta akasema, "Mama Goreti, ekute, sikia. Ni metodi mpya. Iko wengi hapa mjini wanatafuta kazi, unajua?"

Nilijua. Nilikuwa nalisha wanne. Nikaichukua ile fimbo, nikaenda kupima, na utepe ukapita juu kidogo ya makovu, mti mmoja baada ya mwingine: hamsini na moja, hamsini na tatu, hamsini. Siku sita nilipima kovu na kuandika mti. Lakini kwa kuwa mkono umezoea unachozoea, jioni nilirudi na fimbo ya zamani kwenye kitalu cha tatu cha shamba, nikapima tena miti mia moja mahali pake, nikaandika kwenye daftari langu mwenyewe, lile la nyumbani. Sijui nilitaka kumwonyesha nani. Pengine nilitaka tu kuweza kulala.

Mzee Shabani aliporudi, akaletewa orodha yenye wastani wa hamsini na mbili. Akaisoma amesimama. Akaenda kwenye mti, akauwekea kiganja, akarudi kuangalia karatasi, akaenda tena kwenye mti. Kisha akaja kwangu.

"Goreti, we ulipima wapi?"

Nikasema, "Mahali pa siku zote, Mzee."

"Kwenye mita?"

"Kwenye mita."

Akaikunja orodha. "Macho yangu inakataa," akasema. "Lakini kama ni we umepima, basi macho yangu imezeeka." Akaenda kunoa visu.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi, kwa sababu yananitia hasira hata sasa. Miti ikafunguliwa. Wageni wakaja, wakapiga picha na vikombe vilivyojaa. Mwaka wa kwanza kila mtu alikuwa na furaha. Mwaka wa pili nikapima, na miti ilikuwa imeongezeka sentimita mbili badala ya nane. Mti ukigemwa unapeleka nguvu zake kwenye utomvu, haukui tena kama zamani. Hilo ni la kawaida hata kwa mtu mzima. Lakini uliofunguliwa utotoni unabaki hapo hapo ulipokutwa. Gome lake ni jembamba. Mgema anatakiwa aache ngozi nyembamba tu kabla ya kugusa ubao wa ndani, na pale penye gome jembamba hakuna pa kuacha. Kisu cha Mzee Shabani, ambacho nilikiona kwa macho yangu kikiondoa unyuzi wa gome unaopitisha mwanga, kikaanza kugusa ubao. Kila kilipogusa, jeraha likavimba, na gome jipya likaota na mabonde.

Utomvu ukapungua. Ofisi ikaleta dawa ya kupaka ili mti utoe zaidi. Mzee akakataa, wakaipaka wengine. Utomvu ukarudi kwa miezi michache, kisha miti ikaanza kukauka kwenye mkato, unakata na hakitoki kitu. Upepo wa ziwa ukavunja ile myembamba. Na wastani wangu, niwakumbushe, ukapanda.

Miti ilipokuwa na miaka tisa pakaitwa mkutano. Wafanyakazi wote tulisimama uwanjani, mbele ya stoo. Direkta akaeleza kwamba shamba limeharibiwa na mikono mibaya. Akaonyesha kipande cha shina chenye majeraha. Akamwita Mzee Shabani mbele, akamwambia arudishe kisu chake. Mzee hakubisha. Ndilo jambo lililonichoma zaidi, kwamba hakubisha. Alikiangalia kile kipande cha shina kama mtu anayesoma barua ya msiba, akatoa kisu kwenye ala, akakiweka mezani, akasema tu, "Mukono ni yangu. Sijui imepatwa na nini."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale. Daftari la nyumbani lilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikufungua mkoba. Watu huniambia, ulikuwa na watoto, Mama Goreti, ungefanya nini? Jibu hilo nimelichoka. Mzee Shabani naye alikuwa na watoto.

Nilibaki miaka mingine kumi na miwili, na mengi ya miaka hiyo hayana haja ya kusimuliwa. Mabosi walibadilika, kalenda ukutani zilibadilika. Jambo moja tu. Nyuma ya ofisi kulikuwa na mistari miwili ya mipira ambayo direkta yule alikataza isifunguliwe pamoja na mingine, si kwa huruma, bali kwa sababu ilikuwa kivuli cha gari lake. Miaka miwili baada ya shamba kufunguliwa, Mzee akiwa bado kazini, tamaa ikamshinda, akaamuru nayo ifunguliwe. Nikaipima kwa fimbo ya zamani kabla hakijaguswa kitu: hamsini na moja, hamsini na mbili. Ilikuwa imefika yenyewe. Mistari ile miwili ilitoa utomvu mpaka siku ilipong'olewa, mashina yake mazito, gome linarudi laini kama halijawahi kuguswa. Ardhi ile ile, mvua ile ile, na mgema wa kwanza alikuwa yule yule Shabani, kwa kisu kile kile walichomnyang'anya.

Niliandika hayo yote, safu mbili ubavu kwa ubavu, nikapeleka ofisi kuu kule mtaa wa Asiatique, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Kijana mmoja mpole akanipokea, akapekua kurasa.

"Mama, hii ni mingi. Weka mwayene tu, wastani wa shamba yote."

"Wastani utaficha."

"Njo hivyo wanavyotaka, Mama," akasema, na akanisindikiza mpaka kwenye ngazi. Mistari miwili ikachanganywa na shamba zima na ikapotea humo.

Sasa mnaelewa kwa nini karatasi ya sherehe ilinipandisha hasira. Iliyokatwa haikuwa imezeeka. Ilizuiwa kukua, kisha ikaitwa vikongwe. Na chini ya hema lile lile, msemaji akatangaza kwa fahari kwamba miche mipya itaanza kugemwa mwaka wa tano. Watu wakapiga makofi. Niliangalia kushoto na kulia nitafute mtu wa kukunja uso, nikakuta wote wanasubiri chakula.

Nilitoka pale nikapanda basi mpaka mjini, nikachukua jingine hadi Gasenyi, anakoishi Mzee Shabani sasa kwa binti yake. Sikuwa nimewahi kukanyaga nyumba hiyo. Salamu nilikuwa natuma, za Idi na za mwaka mpya, kama mtu anayelipa faini kidogokidogo. Nilimkuta ameketi barazani, amekonda, kofia yake nyeupe imemkaa kubwa. Alinitambua kwa sauti kabla ya sura.

"Goreti! Karibu, karibu. Miti inaendelea je?"

Hilo ndilo alilouliza kwanza. Binti yake akaleta chai na sinia ya mihogo ya kuchemsha, akakaa akamkatia baba yake vipande vidogo. Nikadhani ni macho. Binti akasema si macho: tangu siku ile ya uwanjani hashiki kisu. Hata wa kuchinja kuku siku ya Idi anaitwa jirani. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Mukono iliharibika. Mutu akijua mukono yake imeharibika, aiweke chini."

Nikamwambia. Nilimwambia mbele ya binti yake, kwa sababu aliyechafuliwa mbele za watu hasafishwi chumbani. Nikamweleza fimbo ya gotini, rangi iliyokuwa bado inanuka, siku sita. Nikamwambia kwamba mkono wake haukuwa na kosa lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, chai yake ikapoa.

"Kwenye mita," akasema, "kwenye mita ya kweli, ilikuwa ngapi?"

"Thelathini na tisa, Mzee."

Akafumba macho. Vidole vyake vikasogea hewani, vikifanya duara la unene huo, duara dogo. "Mama yangu," akasema polepole. "Nilikata watoto."

Binti yake alikuwa ameacha kukata mihogo.

"Na siku ile nilikuuliza. We ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote hii," akasema, "mi nilikuwa nachukia mukono yangu." Hakupaza sauti. Akaugeuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganjani, akaushika kwa wa kushoto na kuuweka mapajani. Kisha akasema, "Rudi kwako, Goreti."

Nikachukua mkoba wangu. Binti yake akanifungulia mlango wa ua bila kunitazama.

Siandiki haya kuomba msamaha; anayeweza kuutoa ni mmoja, na hakuutoa, na ana haki. Lakini karatasi ile imechapwa na itabaki kwenye makabati yao baada ya sisi sote kuzikwa, kwa hiyo nami naweka yangu kando yake. Mtakapopewa fimbo, ipimeni kwanza ninyi wenyewe. Na mtu akiwauliza shamba la kwanza liliharibiwa na nani, msomeeni hivi: kitalu cha tatu, miti mia moja, mwaka wa tano, mita moja kutoka ardhini, wastani sentimita thelathini na tisa. Mgema, Shabani, aliambiwa ni hamsini na mbili. Aliyepima, na aliyemwambia, ni mimi.